Mke kwa Ushahidi wa Majirani: Historia ya Kuishi Pamoja Bila Cheti Songea

Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya mwaka 1971, ilianza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Mei mwaka huo. Kifungu chake cha 160 ni kifupi, na wengi wanakijua kwa kusikia tu. Kinasema kwamba mwanamume na mwanamke wakithibitika kuwa wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi, katika hali iliyowafanya wajulikane kwa watu kuwa ni mume na mke, sheria itawadhania kuwa wameoana, mpaka atokee mtu wa kuthibitisha vinginevyo. Mitaani kifungu hicho kimegeuzwa hesabu: ukimaliza miaka miwili na mtu, umeshaoa. Hesabu hiyo ni nusu tu ya sheria. Nusu ya pili, ile ya kujulikana kwa watu, ndiyo nzito zaidi mahakamani, na ndiyo yenye historia ndefu kuliko Bunge lenyewe. Hoja ya makala haya ni kwamba kifungu cha 160 hakikuleta jambo geni katika nchi ya Songea. Kilichukua ushahidi wa zamani, ushahidi wa ndugu na majirani, kikaupa nguvu ya sheria. Lakini ushahidi huo ulikuwa na kasoro tangu mwanzo: ulimlinda mwenye watu, ukamwacha asiye na watu. Kasoro hiyo imehamia mjini, na dawa yake sasa ni maandishi yanayofanywa wakati wapenzi bado wanaelewana.

Wangoni waliingia nchi hii katikati ya karne ya 19. Walikuwa tawi la msafara mkubwa uliotoka kusini mwa Afrika chini ya Zwangendaba, ambaye alifariki Ufipa karibu mwaka 1848. Waliposhika nchi ya Ruvuma walijenga falme mbili, Njelu na Mshope, wakawatawala na kuwachanganya ndani yao watu waliowakuta na waliowateka. Katika jamii hiyo, kama katika jamii nyingi za jirani zake, ndoa ilikuwa safari ndefu. Ilianza kwa posa, ikaendelea kwa mahari iliyotolewa kidogo kidogo, mke akahamia, watoto wakazaliwa, na deni la mahari likaweza kubaki miaka mingi bila mtu kusema kwamba ndoa haipo. Aliyetaka kujua kama fulani ni mke wa mtu hakuuliza tarehe. Aliuliza nani alipokea mahari na nani alikuwepo. Wajomba, kaka na wazee wa pande mbili ndio waliokuwa mkataba wenyewe. Kwa sababu hiyo hiyo, mwanamke aliyeletwa na vita alikuwa pabaya. Mateka, ambao Wangoni waliwaita sutu, waliingia katika nyumba za waliowashinda bila ndugu wa kupokea chochote wala wa kukumbuka chochote. Aliweza kuishi na mwanamume maisha yake yote, akamzalia na kumlimia, lakini siku ya ugomvi hakuwa na baba wa kumrudia wala kaka wa kusimama barazani. Haki ya mwanamke ilipitia kwa watu wake, na asiye na watu alibaki na huruma ya mwenye nyumba.

Wajerumani walijenga boma Songea mwaka 1897, na mwaka uliofuata wamisionari Wabenediktini wakaanzisha misheni ya Peramiho. Kisha vikaja Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mnamo tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea, akiwemo Nkosi (mfalme) Mputa Gama, na siku chache baadaye Songea Mbano, kiongozi ambaye mji huo unaitwa kwa jina lake. Njaa iliyofuata iliua wengi ambao risasi haikuwafikia. Vita hivyo husimuliwa zaidi kwa upande wa siasa, lakini vilivuruga nyumba pia: walionyongwa na waliokufa kwa njaa walikuwa waume, wapokeaji wa mahari na wazee mashahidi. Katika nchi iliyojeruhiwa hivyo, misheni ilipanuka pamoja na kitabu chake cha ndoa. Kitabu hicho kilileta mambo matatu mapya: tarehe moja, mashahidi wawili wenye majina, na mke mmoja. Kwa mwanamke wa kawaida ilikuwa kinga ya kweli, maana padri alikuwa shahidi asiyehama wala kuhongwa mbuzi. Lakini kitabu kile kile kiligawanya ndoa mafungu mawili. Waliomo ndani waliitwa wanandoa, na walio nje, hata wakiwa wametoa mahari yote, walianza kuitwa watu wanaoishi tu.

Waingereza, walioshika Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliendeleza mgawanyiko huo kwa njia ya sheria. Ndoa ya Kikristo na ya kiserikali ilikuwa na sheria yake iliyoandikwa. Ndoa za Waafrika wengine ziliachwa kwa mila, na mila ikaachwa kwa mabaraza ya wenyeji yaliyokaa chini ya watawala wa jadi. Wakati huohuo uchumi ulikuwa ukiwaondoa mashahidi. Songea haikuwa na reli wala mashamba makubwa ya walowezi, na kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu. Wilaya ikawa chimbuko la manamba, vibarua wa mkataba waliokwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver aliandika kitabu kizima kuhusu uhamaji huo wa Wangoni na Wandendeule, kikachapishwa mwaka 1955. Mwanamume aliyekwenda mkonge aliweza kuishi huko na mwanamke wa kabila jingine, wakapika chungu kimoja, bila mzee wa upande wowote kujua. Huku nyumbani mke aliyetolewa nusu ya mahari alibaki akisubiri, naye si mjane wala si mwachwa. Gulliver huyohuyo aliandika pia jinsi Wandendeule walivyomaliza magomvi yao bila mahakama: jirani na ndugu walikaa pamoja, wakapima madai ya kila upande, wakafika mahali ambapo wote wangeweza kuendelea kuishi. Mfumo huo ulifanya kazi vizuri pale tu ambapo wahusika wote walikuwa na ndugu kikaoni na walitegemeana kesho yake shambani. Kibarua wa Songea na mwanamke aliyeishi naye kwenye kambi ya mkonge hawakuwa na kikao cha namna hiyo.

Uhuru ulikuta hali hii na ulijaribu kwanza kuipanga kwa kuiandika. Mwaka 1963 vyeo vya machifu vilifutwa, mahakama za mwanzo zikachukua nafasi ya mabaraza ya wenyeji, na Serikali ikatangaza sheria za mila zilizokusanywa kwa msaada wa Hans Cory, ofisa aliyekuwa ametumia miaka mingi akiandika mila za makabila ya Tanganyika. Ukisoma matangazo hayo unaona jinsi yalivyomtazama mtoto wa nje ya ndoa na jinsi yalivyompita mama yake. Mwanamume aliruhusiwa kumhalalisha mtoto kwa kumlipa baba wa msichana shilingi 100 kabla mtoto hajaachishwa ziwa. Kuhusu miaka ambayo msichana yule alilima, akachota maji na kupika katika nyumba ya mwanamume, hapakuwa na malipo. Sheria nyingine, iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, ilimruhusu mama kumshtaki baba wa mtoto kwa ajili ya matunzo, lakini kiwango chake kilifungwa kwa shilingi 100 kwa mwezi. Kiwango hicho kilibaki kitabuni hadi Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ilipokifuta na kuweka wajibu wa wazazi bila kujali kama walioana. Kwa maneno mengine, mtoto alipata sheria, hata kama ilikuwa ya senti chache. Mwanamke mwenyewe hakupata kitu.

Hapo ndipo unapoonekana ukubwa wa kilichofanyika mwaka 1971. Jirani yetu Kenya ilikuwa imeunda tume mwaka 1967 chini ya Jaji Spry kutafuta sheria moja ya ndoa kwa watu wa dini na makabila yote. Ripoti yake ilikwama Nairobi, lakini Dar es Salaam iliisoma kwa makini. Mwaka 1969 Serikali ya Tanzania ilitoa Waraka wa Serikali Namba 1 wenye mapendekezo yake, ukajadiliwa nchi nzima, na miaka miwili baadaye Bunge likapitisha sheria. Sheria hiyo haikufuta ndoa za dini wala za kimila. Iliziweka zote chini ya paa moja. Kifungu cha 41 kikatamka kwamba kutotimizwa kwa mila ya mahari hakubatilishi ndoa iliyokamilika kwa mambo mengine. Kisha kifungu cha 160 kikaenda mbali zaidi: hata pasipo sherehe yoyote, miaka na macho ya watu vingeweza kutosha. Kijiji kiliombwa kufanya tena kazi iliyokuwa ikifanywa na wapokea mahari, yaani kuthibitisha kwamba hawa wawili walikuwa kitu kimoja.

Mahakama ndizo zilizokipa kifungu hicho meno. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ilieleza mambo matatu ya kuthibitishwa: wahusika wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, wamejulikana kuwa mume na mke, na hapakuwa na sherehe rasmi ya ndoa kati yao. Dhana hiyo huvunjika pale ambapo sheria isingewaruhusu kuoana, kwa mfano mwanamume akiwa bado na ndoa ya mke mmoja iliyofungwa kanisani. Watu wengi huamini kwamba ikivunjika mwanamke huondoka mikono mitupu. Sivyo. Kifungu cha 160(2) kinampa haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto, na nafuu nyingine ambazo mahakama ingeweza kuzitoa katika talaka. Katika uamuzi ulioripotiwa mwaka 1994, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba hata dhana ya ndoa ikishindwa, mahakama ina uwezo wa kugawa mali ambayo wawili hao waliichuma walipoishi pamoja. Kabla ya hapo, mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake walikuwa wamekubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali. Kesi hiyo ilihusu wanandoa halali, na Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo zaidi, kwa kuwa fedha alizopewa na mumewe alikuwa amekwisha kuzitumia vibaya yeye mwenyewe. Lakini kanuni yake ilivuka mipaka ya cheti. Ukiziweka kesi hizi pamoja, yule mwanamke aliyepitwa na matangazo ya 1963 sasa anaweza kusimama mahakamani na jembe na sufuria vyake vikahesabiwa.

Tatizo liko katika njia ya kufika huko. Kujulikana ni jambo la ushahidi, na ushahidi ni watu. Shahidi huulizwa mambo ya kawaida kabisa: watu walimwitaje huyu mama, kwa jina lake au kwa jina la mwanawe? Mwanamume alikwenda kuzika ukweni, na alikaa wapi msibani? Kadi ya kliniki ya mtoto ina jina la nani? Nani alisaini kama mume hospitalini? Katika vijiji vya Peramiho au Namtumbo, ambako watu wamelima bega kwa bega miaka 20, maswali hayo hujibiwa na yeyote. Mjini Songea ni jambo jingine. Katika mitaa kama Mfaranyaki, Lizaboni au Bombambili wapangaji huhama kwa msimu wa kodi, na jirani wa mwaka juzi yuko Mbinga au Makambako. Anayetoka mbali kuja kuishi na mtu, bila barua ya posa na bila ndugu waliofahamiana, ana miaka yake lakini hana wa kuisimulia. Ni sutu wa leo, ijapokuwa hakuna aliyemteka.

Mali nayo ina karatasi zake, na karatasi hizo mara nyingi humsahau. Kiwanja cha mjini, kabla hakijapimwa na kupata hati, kwa kawaida hununuliwa kwa hati ya mauziano: jina la muuzaji, jina la mnunuzi, bei, majirani wa mipaka minne, mashahidi wa pande mbili, na mhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Mwanamke anaweza kuwa ndiye aliyeuza magunia ya mahindi yaliyozaa fedha hizo, naye yupo siku ya kusaini, lakini akasaini kama shahidi badala ya mnunuzi. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja itadhaniwa kuwa yake peke yake, na iliyo kwa majina ya wote wawili itadhaniwa kuwa ya nusu kwa nusu, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mstari mmoja wa jina la pili kwenye hati ya mauziano una uzito ambao mashahidi kumi wanaweza kushindwa kuufikia. Mwenye cheti asiyekuwa na jina kwenye hati ana mlima wa kupanda; asiyekuwa na cheti wala jina ana milima miwili, kwa kuwa kwanza athibitishe kuwa aliishi kama mke, ndipo athibitishe alichangia nini.

Nchi za jirani zimepita njia tofauti. Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, iliandika katika Sheria ya Familia ya mwaka 2004 kwamba mwanamume na mwanamke wanaostahili kuoana na waliokaa pamoja zaidi ya mwaka mmoja bila kuachana walikuwa na muungano unaotambulika; sheria hiyo ilibadilishwa mwaka 2019. Kenya imekwenda kwa tahadhari. Mnamo tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilisema dhana ya ndoa iwe jambo la nadra, lisilotolewa kirahisi, na ikakataa kuwadhania wahusika wa kesi iliyokuwa mbele yake kuwa wameoana. Hata hivyo iligawa nyumba waliyochangia, asilimia 70 kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume, kwa msingi wa walichokusudia na walichotoa. Somo la Kenya ni kwamba haki ya mali haihitaji kusubiri jibu la kama watu wameoana. Mtu anaweza kuwa si mke, na bado matofali aliyonunua yakawa yake.

Ndiyo maana dawa iliyotajwa mwanzoni ni maandishi kati ya wapenzi wenyewe, lakini ina mapingamizi matatu. Pingamizi la kwanza dhidi ya kuwapa wapenzi njia ya kuandikiana linatoka kwenye dini, na mkoa wa Ruvuma, ulipo mji wa Songea, una waumini wengi wa Kanisa Katoliki na wa Uislamu. Inasemekana kwamba kuwapa haki wanaoishi bila ndoa ni kuhalalisha zinaa na kuwavunja moyo vijana wasifunge ndoa. Pingamizi hili halistahili dharau, kwa maana dini ndizo zilizomlinda mwanamke kwa kitabu na kwa nikaha wakati mila ilipokuwa ikimsahau. Lakini lina udhaifu wa mantiki. Anayepata faida kwa sheria kufumba macho ni yule anayetaka kuondoka na kila kitu. Kwake, kutokuwa na haki kwa mwenzake ndiyo sababu ya kutokuoa. Ukimlazimisha kugawana, unamwondolea faida ya kukwepa altare. Zaidi ya hayo, parokia nyingi nchini hufungisha ndoa za pamoja kwa watu waliokaa miaka na kuzaa, na kwa kufanya hivyo hukubali kwamba kuna kitu kilichokwishajengwa. Kugawa nyumba kwa haki hakumzuii mtu yeyote kutubu.

Pingamizi la pili ni la wanaume wanaoogopa mtego: leo umemkaribisha mtu, miaka miwili baadaye unaambiwa una mke na nusu ya nyumba si yako. Hofu hii inazidisha sheria, kwa sababu miaka peke yake haitoshi na mgawo hufuata mchango. Hata hivyo ina chembe ya haki. Katika haki ya matunzo, kifungu cha 160(2) kinamtaja mwanamke tu. Nafuu nyingine yeyote kati yao anaweza kuziomba, lakini mwanamume aliyejenga katika kiwanja cha mpenzi wake naye atatakiwa kuthibitisha mchango wake. Makubaliano ya maandishi yangemlinda yeye pia, pamoja na mali aliyokuja nayo. Pingamizi la tatu ni la kisheria: Sheria ya Mikataba, katika kifungu cha 23, inabatilisha makubaliano yaliyo kinyume cha maadili, kwa hiyo mkataba wa wapenzi huenda ukatupwa. Jibu ni kuangalia mkataba unahusu nini. Unaomlipa mtu kwa kulala na mwingine ni batili na ubaki batili. Unaosema kiwanja hiki tumenunua wawili, huyu ametoa kiasi hiki na yule kiasi hiki, mkopo huu tutaulipa hivi, ni mkataba wa mali ambao ndugu wawili au washirika wa duka wangeweza kuuandika. Anayesema kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana asome historia ya mahari. Wazee wa Ungoni walihesabu kila kilichotolewa mbele ya mashahidi, na hakuna aliyewaambia kuwa hawapendani.

Kinachohitajika, basi, ni mambo mawili yaliyo karibu. Bunge lifafanue kifungu cha 160 ili hata katika matunzo kimlinde yeyote kati ya wawili, na liseme waziwazi kwamba makubaliano ya mali kati ya watu wanaoishi pamoja ni halali yakifanywa kwa hiari na mbele ya mashahidi. Na kabla Bunge halijafika huko, serikali za mitaa na wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wanaweza kuanza kesho kwa kumuuliza kila mnunuzi wa kiwanja swali moja kabla ya kugonga mhuri: fedha hizi ni za nani na nani? Jibu likiandikwa siku hiyo, mbele ya watu wanaoaminiana bado, litamfaa hata yule ambaye majirani zake wote wamehama na ndugu zake hawamjui mwenzake. Kwa zaidi ya miaka 150 haki ya mwanamke katika nchi hii imetegemea kumbukumbu za watu wengine. Imefika wakati awe na nakala yake mwenyewe.